Gurudumu Lililonyamaza

"Rudia ulichosema."

"Aliyesema ni mama yako. Kamwambie yeye arudie."

"Mama yangu hawezi kukwambia usipande gari langu."

"Basi mimi ni mwongo."

"Sijasema wewe ni mwongo."

"Umesema hawezi. Mimi nimesema amesema. Mmoja wetu ana kasoro, na masikio yangu nayajua vizuri."

Fundi miwani alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule yake. Suruali ya suti mpya alikuwa ameifunika kwa taulo kuukuu, mikono ya shati ameikunja hadi kwenye viwiko. Mahali ambapo watu wengine huweka kochi, yeye alikuwa na fremu ya chuma iliyofungwa sakafuni kwa skrubu, na juu ya fremu hiyo lilining'inia gurudumu la gari pamoja na tairi lake. Mshona mapazia alikuwa amesimama mlangoni, gauni la buluu alilolishona mwenyewe limemkaa sawasawa, viatu vyeupe, mkoba begani. Mkoba hakuutua. Mwanamke anayetua mkoba amekubali kukaa, naye alikuwa hajakubali.

"Tangu Jumanne hupokei simu yangu," alisema fundi miwani. "Nakuja dukani kwako, unanijibu ukiwa na pini mdomoni. Leo ndiyo siku ya kwenda kwa wazazi wako, unaniletea habari ya mama. Kipenzi, nimekukosea nini?"

"Nimekuja kukwambia siendi."

Gurudumu lilianza kuzunguka polepole, likapita, likarudi nyuma kidogo, likatulia.

"Usilizungushe ninapozungumza nawe!"

"Sijaligusa. Limezunguka lenyewe."

Na ilikuwa kweli. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani.

Walikuwa wamekutana kwa ajili ya risasi. Si ya bunduki, ni ile ya madini, laini na nzito. Ilikuwa mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya ushonaji limejaa hadi watu wanapokezana vitambaa juu ya vichwa vya wenzao. Mshona mapazia alikuwa amekwenda kununua mnyororo wa risasi, zile punje ndogo zilizozungushiwa uzi ambazo hushonewa kwenye pindo la pazia ili lianguke wima na lisipeperuke. Muuzaji akamwambia limebaki bunda moja, na lipo mkononi mwa yule bwana.

"Kaka, hiyo ni ya mapazia," alimwambia.

"Najua, dada. Mimi nina tairi linalopeperuka."

"Tangu lini tairi likavaa mnyororo wa pazia?"

"La kwangu linavaa. Na likivaa linapendeza."

Watu wakacheka. Naye akacheka, ingawa hakutaka, kwa sababu mwanamume huyo alikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri na vidole virefu safi, na alikuwa amelishika bunda lile kama mtu aliyeshika yai. Akatoa mkasi mkobani, akalikata katikati.

"Nusu yako, nusu yangu. Tusiuane."

"Nipe namba yako basi. Ikinizidi nitakurudishia."

"Na ikikupungukia?"

"Nitakupigia vilevile."

Alipiga jioni ileile. Ilikuwa imempungukia.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake fundi miwani. Rangi ya maziwa, pua ya mviringo, viti vya ngozi vilivyopasuka kwenye mishono. Mzee aliugua akalala, akafa kitandani, akaliacha gari juu ya matofali. Lakini kabla ya kufa alimwambia mwanawe, siku ya kwenda kuposa utakwenda na hili. Mwana akalishika neno hilo. Aliitengeneza injini, akatengeneza breki, akabadilisha nyaya zote. Kilichomshinda ni magurudumu. Magari ya aina ile yalitengenezwa yakiwa na gurudumu la nati tatu, katikati halina tundu, ni bati tupu. Mashine ya kubalansi matairi, kuyasawazisha uzito yasitetemeke, hulishika gurudumu kwa tundu la katikati. Kila duka alilokwenda, mafundi waliligeuza gurudumu huku na huku kama watu waliopewa sahani isiyo na chakula, wakamrudishia.

Akaamua kuyabalansi nyumbani. Alitafuta kwenye vyuma chakavu gari jingine la aina ile lililokufa, akakata kile kipande ambacho gurudumu hufungwa juu yake, akaosha beringi zake kwa mafuta ya taa hadi grisi yote ikatoka, akakifunga kwenye fremu. Gurudumu likifungwa hapo lilizunguka hata ukilipulizia. Upande wake mzito hushuka chini wenyewe. Unabandika risasi kidogo upande wa juu, unalizungusha tena, unasubiri. Siku likisimama popote unapolisimamisha, bila kutafuta chini wala juu, umemaliza.

Mshona mapazia alipenda kumsikia kwenye simu akiwa kazini hapo.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nasubiri litulie."

"Hilo bibi lako la nati tatu?"

"Huyu bibi mdogo. Bibi mkubwa ni wewe."

"Ningekuwa mkubwa ungekuwa umenipigia simu wewe."

Fundi miwani alisaga vioo vya miwani siku nzima katika chumba chenye taa kali, lenzi ndogo imebanwa jichoni, akitafuta mikwaruzo ambayo mtu mwingine haioni. Akitoka hapo aliendelea kutafuta kasoro sebuleni. Mwanamke huyu aliona raha kupendwa na mtu anayetazama vitu kwa makini hivyo. Hakujiuliza mtu wa namna hiyo hufanya nini akiona asichotaka kukiona.

Maana gari lilikuwa na tabia. Likishika mwendo, usukani ulitetemeka, kisahani cha majivu kikagonga, na mama yake fundi miwani, aliyekaa nyuma, alikuwa akisema, "Linaongea hilo." Gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Kila Jumamosi fundi miwani alilitoa, akalipeleka sebuleni, akaliongezea risasi. Halafu mwezi uliopita, ghafla, likaacha. Jumapili iliyopita walikwenda nalo hadi mbali kwenye barabara kuu, na gari likateleza kama linapita juu ya kitambaa. Yeye mshona mapazia alilala usingizi, kichwa kimeegemea kioo, na usingizini alimsikia mpenzi wake akiimba.

Siku mbili baadaye mama wa mpenzi wake alipiga simu. Mama huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakuwahi kumsifia nguo wala kumcheka.

"Mwanangu, Jumamosi usipande gari hilo."

"Kwa nini, mama?"

Mlango ukasikika ukifunguliwa, sauti ya mwana ikaita, na simu ikakatwa. Haikupigwa tena. Mshona mapazia alibaki na pazia la mtu mapajani, sindano imesimama. Kwake maneno yale hayakuhitaji mkalimani. Gari la mzee ni la mkwe wa nyumba ile, na yeye ameambiwa asipande. Alilia usiku mmoja tu, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyompeleka mlangoni pale Jumamosi asubuhi.

"Kama mama hanitaki," alisema sasa, "sikwenda shule kujifunza kubembeleza."

"Anakutaka."

"Hataki hata nikalie kiti chake!"

"Nilimwambia mimi," sauti ikasema kutoka ndani.

Mama alikuwa ametoka chumbani. Gauni la zambarau, viatu vilivyong'arishwa, kilemba kimefungwa kwa nguvu kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

"Mama!" alisema fundi miwani.

"Usiniite kama unamwita mwizi. Nilimwambia mimi, ukaingia, nikakata simu. Ukanificha chaja yangu siku tatu, ukidhani sikujua."

Mshona mapazia aliukaza mkoba begani. "Mama, kama umenikataa ungeniambia wazi. Mimi si mtoto."

Mama alimtazama kwa muda, kuanzia viatu vyeupe hadi usoni.

"Nikukatae? Mwanangu, ningekuwa sikutaki ningekwambia panda."

Nje gari lilikuwa juu ya jeki, limeinamia upande mmoja.

"Muulize mwenzio kwa nini amelipaka rangi gurudumu hilo," alisema mama.

Hapo ndipo mshona mapazia alipotua mkoba. Alipiga magoti karibu na fremu, bila kujali gauni. Gurudumu lilikuwa la kijivu iliyofifia, rangi ya miaka mingi, na kwenye ukingo wake risasi zilikuwa zimebandikwa zikakaribiana kama meno, zote upande mmoja. Katikati, kuzunguka zile nati tatu, kulikuwa na rangi ya fedha, mpya, inayong'aa, imepakwa kwa uangalifu na brashi ndogo. Alichungulia dirishani. Magurudumu matatu yaliyokuwa kwenye gari yalikuwa na kijivu chao cha zamani hadi katikati.

"Umepaka hili moja tu."

"Kulikuwa na kutu."

"Kutu tu?"

"Kutu tu, kipenzi."

"Kila wiki anaongeza risasi," alisema mama, "na kila wiki ni upande uleule. Kitu kizima ukikiweka sawa kinakaa sawa. Hiki hakikai. Baba yake alikuwa akilisikia linatetemeka anashuka, anatazama, anaacha safari. Huyu amelifunga mdomo. Mimi nakaa kiti cha nyuma, nasikia. Lilipokuwa linaongea sikuogopa. Nimeanza kuogopa siku liliponyamaza."

Mshona mapazia alimgeukia mpenzi wake. Alimwona kama anavyoona pazia lililotundikwa vibaya, hata kabla hajajua kosa liko wapi.

"Ni ufa?"

"Ni mstari."

"Mstari wa nini?"

"Mstari tu. Wa chuma kuukuu."

"Wewe unayeona mkwaruzo kwenye miwani ya mtu aliyesimama mlangoni! Nitazame. Ni ufa?"

Alilitazama gurudumu.

"Hakuna lingine," alisema. "Nimetafuta kwa mafundi wa magari ya zamani, kwenye mitandao, kwenye vyuma chakavu. La akiba lilishaliwa na kutu. Yalikoma kutengenezwa kabla hatujazaliwa."

"Sijakuuliza kama lipo lingine."

"Mzee alisema nitakwenda na gari hili."

"Jumapili nililala humo ndani," alisema mshona mapazia. Alijiona akiwa amelala, kichwa kwenye kioo, gurudumu likizunguka hatua moja tu kutoka miguuni mwake, na huyu karibu naye akiimba. "Ulikuwa umeshapaka rangi?"

Fundi miwani aliinuka. Alifungua zile nati, akalibeba gurudumu kifuani, vumbi la tairi likamchafua shati, akatoka nalo. Wanawake wawili walisimama kibarazani wakimtazama akilifunga kwenye gari, akikaza nati moja, ya pili, ya tatu, kisha akarudi kuikaza ya kwanza tena. Alishusha jeki. Aliitupa kwenye buti pamoja na nyundo na spana. Akavaa koti la suti juu ya shati lililochafuka.

"Gurudumu ni zima," alisema. Uso wake ulikuwa umekakamaa. "Tumechelewa. Nani anakuja?"

Mama alifungua mdomo. Lakini mshona mapazia alikuwa ameshateremka ngazi. Alifungua mlango wa mbele, akaketi, akaweka mkoba mapajani, akafunga mlango.

"Unafanya nini?" alisema fundi miwani.

"Si umesema ni zima? Twende."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama aliingia taratibu, akapanga gauni lake, akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama, wewe mwenyewe uliniambia nisipande," alisema mshona mapazia bila kugeuka.

"Nilikwambia. Lakini huyu nimemzaa mimi. Siwezi kukuachia umbebe peke yako."

Gari liliwaka mara moja. Lilitoka getini likashika mtaa, na halikutoa sauti yoyote ila mlio mdogo wa injini. Kisahani cha majivu kilitulia. Usukani ulitulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alisimama akalitazama linavyopendeza, akapiga kigelegele. Mwanamume mbele ya kinyozi akaita, "Maharusi hao! Mwendo mdundo!" Fundi miwani alipunga mkono kidogo, akaurudisha upesi.

"Funga mkanda," alisema.

"Wa nini? Gurudumu si zima?"

"Ufunge tu."

"Kwani kutatokea nini?"

Walipita shule, wakapita kituo cha mafuta. Mshona mapazia alikuwa akisikiliza kwa mwili mzima, kwa miguu, kwa mgongo. Alitamani litetemeke. Alitamani kisahani kigonge hata mara moja. Lilikwenda laini, laini mno, kama mtu anayekuja nyuma yako gizani kwa miguu mitupu.

Mtaa uliishia kwenye barabara kuu. Kuanzia hapo ulikuwa mteremko mrefu hadi bondeni, na malori yalikuwa yakishuka moja baada ya jingine, upepo wake ukilitikisa gari dogo. Fundi miwani alisimama, akawasha taa ya kukunjia kona. Ikawa inagonga: tiki, tiki, tiki.

"Ingia," alisema mshona mapazia.

"Nasubiri nafasi."

Lori likapita. Nyuma yake barabara ilikuwa tupu.

"Nafasi hiyo."

Hakuingia. Magari mengine yakaja, yakapita, barabara ikabaki wazi tena. Gari la nyuma yao likapiga honi. Mshona mapazia hakumtazama usoni, alitazama mikono. Vile vidole virefu, vinavyoshika lenzi bila kuacha alama, vilikuwa vimeukamata usukani hadi kucha zimekuwa nyeupe.

"Mama," alisema fundi miwani, macho kwenye kioo cha juu. "Funga mkanda."

"Huku nyuma hakuna mkanda. Gari hili halikutengenezwa na mkanda wa nyuma. Unajua."

Tiki, tiki, tiki. Honi ikapigwa tena, ndefu, na mtu akatukana.

Alivuta gari pembeni, nje ya barabara, kwenye changarawe mbele ya duka la kona. Akazima. Akateremka bila kufunga mlango. Walimsikia akifungua buti, wakamsikia akiingiza jeki, gari likainuka upande wa kushoto huku wao wawili wamo ndani, na hawakuthubutu kutikisika hadi aliposema, "Shukeni. Shukeni tafadhali."

Alilitoa gurudumu akalilaza chini. Akachukua ufunguo wa gari akakwangua ile rangi ya fedha. Ilitoka kwa vipande, na chini yake kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, unatoka kwenye tundu la nati ya kwanza, unapinda, unafika la pili, na unaendelea kuelekea la tatu. Aliufuata kwa ncha ya ufunguo hadi mwisho wake. Kisha akaufuata tena, kama mtu anayesoma neno asiloliamini.

"Ulikuwa mfupi kama ukucha," alisema. "Nilipoupaka. Naapa, ulikuwa kama ukucha."

"Na Jumapili?" aliuliza mshona mapazia.

"Sikujua tena. Nilikuwa nimeshaupaka." Alikuwa amekaa kwenye changarawe na suti yake. "Nilisema nitakwenda kwenu kwanza. Siku moja hii tu. Halafu nitalivua, nitatafuta namna. Nilisema siku moja tu."

"Ungekwenda kwetu na nani?"

Mama alikuwa amewageuzia mgongo, anatazama malori.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha mabasi. Mshona mapazia alikitazama. Angeweza kuvuka sasa hivi, peke yake, arudi kwake, avue gauni la buluu, akae na mapazia ya watu. Hakuna ambaye angemlaumu. Mtu huyu alimpenda, hilo hakulitilia shaka, na alikuwa tayari kumpeleka bondeni kwenye bati lililopasuka kwa sababu baba yake alisema neno. Mambo hayo mawili yalikuwa ndani ya mtu mmoja, na akimchukua atayachukua yote mawili.

Fundi miwani aliinuka akachukua nyundo. Aliishika kwa mikono miwili akapiga katikati ya gurudumu. Risasi mbili ziliruka zikaanguka kwenye changarawe. Mwenye duka alitoka kutazama.

"We bwana, hilo si gari la makumbusho?"

Akapiga tena. Sauti ilikuwa mbovu, haina mwangwi, kama kugonga sufuria lililochomelewa. Kwa pigo la tatu bati la katikati liliachana, likazama ndani na matundu yake ya nati.

"Kwa nini unalivunja?" aliuliza mshona mapazia. "Si ungeliacha tu?"

"Nikiliacha zima, kesho nitalirudisha." Alipumua kwa shida. "Najijua. Nitalitazama jioni, nitasema mstari si mrefu sana. Nitalirudisha."

Akapiga mara nyingine, ingawa halikuwa tena na cha kuvunjika.

Mshona mapazia alitoa simu.

"Baba? Ndiyo, tunakuja. Tutachelewa. Hapana, si kwa gari lake, limevunjika. Nani kalivunja? Kalivunja yeye mwenyewe, baba. Kwa nyundo. Hapana, hajalewa. Utamwuliza ukimwona."

Akakata. Kwenye kituo basi la masafa marefu lilikuwa limesimama, utingo ananing'inia mlangoni akiita abiria.

"Mkwe," alisema mama, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Una hakika?"

"Sina, mama. Shika mkono wangu tuvuke." Akamgeukia fundi miwani. "Weka hiyo nyundo chini. Mwombe huyu mwenye duka akutazamie gari. Nawa mikono, haraka."

"Umenisamehe?"

"Nimekwambia unawe mikono."

Alinawa kwa maji ya chupa aliyopewa na mwenye duka, akavuka mbio nyuma yao, koti linapepea. Mama alikuwa ameshapanda. Mshona mapazia alisimama ngazini, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umeushika mlango usifungwe.

"Njiani utaniambia yote," alisema. "Siku uliyouona, ulichowaza, ulichokuwa unaimba Jumapili. Yote. Ukificha hata moja, nashuka kituo kinachofuata na mama yako nashuka naye."

"Nitakwambia."

"Panda."

Akapanda. Yeye akaachia mlango, utingo akapiga bati, na basi likaanza kushuka.